Aswan kwa siku nne: mwongozo kamili wa mji, chakula na visiwa vya Naili

Wageni wengi hufika Aswan usiku, huamshwa alfajiri kupelekwa kwenye mahekalu ya Abu Simbel, na jioni huwa wameshapanda treni au meli ya kwenda Luxor. Mji wanausikia tu. Ni hasara kubwa, kwa sababu hakuna mji mwingine Misri ambako mto na watu wake wako karibu hivi na mgeni.

Aswan uko kusini mwa Misri, kama kilomita 900 kutoka Cairo, mahali ambapo Naili inapita katikati ya miamba ya granaiti na kugawanyika kuzunguka visiwa. Mji wenyewe uko ukingo wa mashariki. Ukingo wa magharibi ni mchanga wa jangwa unaoshuka hadi kwenye maji. Yaliyo bora yako katikati, visiwani, na kuyafikia kunahitaji muda. Siku nne kamili zinatosha. Ukiwa na mbili tu, acha Abu Simbel na ubaki mjini.

Kanuni moja inaongoza mpango wote: panga siku kwa jua na upepo. Makaburi, mahekalu na machimbo huzuriwa kuanzia yanapofunguliwa hadi saa 4 asubuhi. Kuanzia saa 6 mchana hadi saa 9 alasiri kaa kivulini, ule, ulale. Alasiri ni ya mashua ya tanga, usiku ni wa sokoni. Anayegeuza mpangilio huu huishia kupanda ngazi za makaburi saa 7 mchana kwenye mwamba unaounguza mikono, kisha anasema Aswan haifai.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Mchana joto huwa nyuzi 23 hadi 29 hivi, lakini usiku hushuka hadi karibu na 10, na juu ya maji upepo unakata. Beba sweta hata kama unatoka Mombasa na hujawahi kulivaa. Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 40 karibu kila siku. Vyumba wakati huo ni rahisi, ila utapoteza saa nyingi za mchana. Mvua si jambo la kupangia, kwani Aswan ni kati ya miji mikavu kabisa duniani.

Ulizia viza katika ubalozi wa Misri ulio Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, na ufanye hivyo mapema. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa maana anayetoka kwetu anaweza kudaiwa akitua Cairo, na kuanza kubishana uwanjani usiku hakusaidii kitu. Ndege za EgyptAir huenda Cairo moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Kutoka Cairo una njia mbili: ndege ya saa moja na nusu hivi, au treni ya saa 13 au zaidi. Treni ya mchana inafaa kwa anayetaka kuona mashamba ya miwa na mitende ya Misri ya Juu, yaani kusini, lakini ukiwa na haraka panda ndege. Kati ya Luxor na Aswan treni huchukua saa tatu hadi nne, na hapo haina mpinzani. Kaa upande wa kulia ukielekea Aswan, ambako mto huonekana zaidi.

Uwanja wa ndege wa Aswan uko jangwani upande wa magharibi, umbali wa kama kilomita 20, na barabara yake hupita juu ya bwawa. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akutumie gari, na mkubaliane bei kwa maandishi kwenye simu kabla hujatua.

Fedha zigawe mara mbili. Sehemu nyingi za kale sasa hupokea kadi ya benki tu kwa tiketi, hivyo kadi isiyofanya kazi nje ya nchi itakufungia mlango wa hekalu la Philae. Julisha benki yako kabla ya safari na beba kadi ya pili. Kwa kila kitu kingine, yaani boti, teksi, chakula na bakshishi, unahitaji noti ndogondogo za pauni za Misri. Vunja noti kubwa hotelini au kwenye duka kubwa, kwani nahodha hana chenji, au husema hana. Kuna mtego mmoja mdogo: noti ya piasta 50 na noti ya pauni 50 zote zimeandikwa 50, na moja ina thamani mara mia ya nyingine. Soma neno lililo chini ya namba kabla ya kuweka chenji mfukoni.

Mwanafunzi abebe kadi ya kimataifa ya wanafunzi. Tiketi za makumbusho na mahekalu huwa nusu bei kwa mwenye kadi hiyo.

Saa na namba: palipo na faida na hatari kwa Mswahili

Namba za bei utazielewa haraka kuliko Mzungu. Sitta, sab'a, tis'a, ishrin, talatin, arba'in, khamsin, miyya, alf: zote una ndugu zao nyumbani. Kumbuka tu moja hadi tano: wahid, itnin, talata, arba'a, khamsa. Kisha tamanya ni nane na ashara ni kumi. Swali la kuanzia ni "bikam?", na jibu la kukataa ni "la, shukran", likisemwa mara moja bila kusimama.

Hatari iko kwenye saa. Wamisri huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Nahodha akikwambia atakuja "es-saa sab'a" asubuhi, anamaanisha saa yetu ya moja. Sikio la Kiswahili husikia saa saba, na boti huondoka bila wewe. Kila miadi ionyeshe kwenye simu kwa tarakimu. Isitoshe, majira ya baridi Misri iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na majira ya joto, wakisogeza saa mbele, tunakuwa sawa.

Bei kwenye vibao huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Aliyepita madrasa anazijua. Asiyezijua ashike mbili zinazodanganya: ٥ inafanana na sifuri lakini ni tano, na ٦ inafanana na saba lakini ni sita. Sifuri yenyewe ni nukta.

Mahali pa kulala

Ukingo wa mashariki, kwenye barabara ya mto wanayoiita Corniche au mitaa iliyo nyuma yake, uko karibu na stesheni, soko na migahawa. Kuna kelele za magari, na kila ukitoka mlangoni utaitwa na wenye mashua.

Kisiwa cha Elephantine kiko mkabala, dakika chache kwa boti. Hakina daraja wala gari. Vijiji viwili vya Wanubi, Siou na Koti, vina nyumba za wageni zenye mapaa yanayotazama mto. Kwa anayetaka utamaduni, hapa ndipo pa kulala angalau usiku mbili. Angalia mambo matatu kabla ya kulipia: nyumba iko umbali gani kutoka gati, maana mizigo utabeba mwenyewe kwenye vichochoro vya udongo, boti ya mwisho ya usiku ni saa ngapi, na kama chakula cha jioni kinapikwa nyumbani, maana migahawa kisiwani ni michache.

Gharb Seheil, kijiji cha nyumba zilizopakwa buluu, njano na waridi ukingo wa magharibi karibu na bwawa la zamani, kinapendeza kwenye picha. Mchana hujaa boti za watalii na vibanda vya zawadi. Ukilala huko utakifurahia jioni na alfajiri, wageni wa mchana wakiwa wameondoka, ila kila safari ya mjini itakugharimu.

Siku ya kwanza: Makumbusho ya Nubia kwanza

Anza hapa hata kama hupendi makumbusho. Yalifunguliwa mwaka 1997, na jengo lake lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2001. Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kila utakachokiona baadaye kinatokana na jambo moja: nchi ya Wanubi imezama. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902 na kuinuliwa mara mbili baadaye. Bwawa Kuu lilijengwa kati ya 1960 na 1970, na ziwa Nasser likaenea kama kilomita 500 kuelekea kusini hadi ndani ya Sudan. Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa miaka ya 1963 na 1964, wengi wakapelekwa jangwani karibu na mji wa Kom Ombo, mbali na mto wao. Ukilijua hilo, utamwelewa mzee wa Elephantine anapozungumzia nyumbani na kuelekeza kidole kusini.

Msomaji wa Kenya au Uganda asichanganye. Wanubi wa Kibera na Bombo ni wazao wa askari waliotoka Sudan na wanazungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Wanubi wa Aswan wana lugha zao za kale, Kikenzi na Kifadija, ambazo si Kiarabu kabisa.

Tenga saa mbili. Usiikose sehemu ya chini yenye mifano ya maisha ya kijiji: harusi, madrasa, gurudumu la kuvutia maji. Ukitoka, machimbo ya Obeliski Isiyokamilika hayako mbali. Ni nguzo ya jiwe moja la granaiti yenye urefu wa kama mita 42, ambayo ingezidi tani 1,000 kama ingetolewa. Mwamba ulipasuka kazi ikiendelea, ikaachwa ilipolala. Tazama mashimo ya mviringo pembeni: mafundi hawakutumia patasi, waligonga granaiti kwa mawe meusi ya doleriti, ambayo ni magumu zaidi. Machimboni hakuna kivuli hata kidogo. Kama umefika Aswan usiku uliotangulia, anza na machimbo yanapofunguliwa na uingie makumbusho jua likipanda.

Kisiwa cha Elephantine, kwa miguu

Vuka kwa boti ya wenyeji. Magati yako kwenye Corniche, chini ya ngazi, na mtu wa kwanza kukusalimia juu ya ngazi atakwambia boti ya umma haifanyi kazi leo. Shuka hadi majini, utawaona akina mama wenye vikapu, na hapo ndipo. Wanawake huwa na upande wao na wanaume wao, fuata wenyeji. Nauli ni ndogo sana. Tazama wanalipa nini, na uwe na noti ndogo mkononi, si pochi wazi.

Kusini mwa kisiwa ndiko ulikokuwa mji wa kale wa Abu, mpaka wa Misri kwa karne nyingi. Wanaakiolojia wa Ujerumani na Uswisi wamechimba hapa tangu 1969. Mahekalu ni ya Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, na mungu wa kike Satet. Palipo na utajiri zaidi ni kipimamto: ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, ukutani kukiwa na alama za kina. Mafuriko yalifika kila mwaka kutokana na mvua za Ethiopia, na urefu wa maji ulionyesha mavuno yatakuwaje na kwa hiyo kodi itakuwa kiasi gani. Maji yakipungua mno palikuwa na njaa, yakizidi mno mashamba yalisombwa. Shuka taratibu, ngazi za chini huteleza.

Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Wayahudi waliokuwa askari wa mfalme wa Uajemi waliishi hapa na kuwa na hekalu lao. Barua na mikataba yao ya ndoa na nyumba, iliyoandikwa kwa Kiaramu juu ya mafunjo, imesalia hadi leo.

Baada ya magofu, pita vijijini kuelekea kaskazini. Njia ni nyembamba na mtu hupita mlangoni pa watu kabisa, hivyo salamu ni wajibu. "Salaam aleikum" inatosha. Usipige picha ya mtu au ua wa nyumba bila kuomba, hasa wanawake. Ukikaribishwa chai, kubali, kaa, uliza habari za watoto. Baadhi ya mialiko huishia kwenye meza ya shanga za kuuza, na hilo si kosa. Ni riziki, na unaweza kushukuru bila kununua.

Mashua ya tanga

Faluka, mashua ya hapa, ina tanga la pembetatu, na mtu wa pwani atalitambua mara moja. Naili hutiririka kwenda kaskazini, lakini upepo mwingi huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo tanga hukupandisha dhidi ya mkondo, na ukirudi mkondo hukubeba huku nahodha akipiga bisha kutoka ukingo hadi ukingo. Upepo ukifa kabisa, utavutwa na boti ya injini, na hapo ndipo ugomvi wa bei huanza. Alasiri, saa 9 hadi magharibi, upepo mara nyingi ni mzuri zaidi kuliko asubuhi.

Kabla hujapanda, kubaliana na nahodha, wanayemwita rayyis, mambo haya na uyarudie yote kwa sauti:

1. Bei ni ya mashua nzima, si ya kila mtu.
2. Ni kwa saa ngapi, na kuanzia saa ngapi.
3. Mtashuka wapi, na atawasubiri kwa muda gani.
4. Upepo ukikatika nani analipia boti ya kuvuta.
5. Malipo ni mwisho wa safari. Asipewe yote mwanzoni.

Kwa saa mbili utazunguka Elephantine na kushuka kisiwa cha bustani, ambacho alipewa Kitchener, kamanda wa Kiingereza, akapanda miti kutoka nchi za joto. Leo ni bustani ya mimea ya serikali, na tiketi hulipwa getini. Siku za Ijumaa familia za mjini hujaa na kuna shangwe, siku nyingine ni kimya chenye ndege wengi.

Kwa saa tatu au zaidi fika Sehel, kisiwa kilicho kusini zaidi. Juu ya kilima chake cha mawe kuna mamia ya maandishi yaliyochongwa na maofisa na askari waliopita kwenda na kutoka Nubia. Lililo maarufu ni Jiwe la Njaa, lililochongwa enzi za Waptolemayo, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, likisimulia njaa ya miaka saba wakati wa mfalme Djoser aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 kabla yao. Vaa viatu vya kufunga, mawe ni ya kuvingirika. Njiani mtapita visiwa vya Salugah na Ghazal, vilivyohifadhiwa tangu 1986 kwa ajili ya migunga na ndege. Hapo mkondo una kasi kati ya miamba. Wenyeji watakuonyesha mahali pa kuogelea. Kama unaingia majini, ingia penye mkondo na toka haraka, kwa sababu kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Mamba wako juu ya Bwawa Kuu, ziwani. Wale unaowaona kwenye nyumba za Gharb Seheil wamefungiwa kwenye matangi kwa ajili ya picha, na tunashauri usilipie kuwashika.

Philae

Hekalu la mungu wa kike Isis halipo tena kwenye kisiwa cha Philae. Bwawa la 1902 lililizamisha sehemu kubwa ya kila mwaka, wageni wakawa wanapiga makasia kati ya nguzo. Bwawa Kuu lilipojengwa, ukuta wa muda ulizungushwa, maji yakatolewa, na jengo zima likabomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kisiwa jirani cha Agilkia. Lilifunguliwa tena Machi 1980.

Chukua teksi hadi gati la Shellal, ukiwa umekubaliana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Nunua tiketi ya hekalu kwanza, kisha shuka kwenye boti. Bei ya boti haimo kwenye tiketi, na ni ya boti nzima, hivyo ungana na wageni wengine foleni ya tiketi kabla ya kujadiliana. Manahodha hupenda kusubiri saa moja. Sema saa moja na nusu, au mbili, tangu mwanzo. Ukifika mlango unapofunguliwa utatangulia makundi ya meli.

Ndani, tafuta Lango la Hadrian upande wa magharibi. Hapo ndipo palipo na maandishi ya mwisho ya hiroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Misri ya kale, yenye tarehe inayojulikana: 24 Agosti 394. Zaidi ya miaka 3,000 ya kuandika iliishia kwenye ukuta huo. Kutoka langoni unaona kisiwa cha Biga, lilikoaminiwa kuwa kaburi la mungu Osiri. Kisha angalia misalaba iliyochongwa kwenye nguzo: hekalu lilifungwa kwa amri ya kaisari Justiniani karne ya 6, likawa kanisa. Nyuso nyingi za miungu zilikwanguliwa wakati huo.

Ukiwa na boti yako, mwombe nahodha akupeleke Heissa, kisiwa cha Wanubi kilicho katikati ya mabwawa mawili. Ni pakavu na pakimya, na chakula cha mchana nyumbani kwa watu hupangwa kwa simu siku moja kabla.

Ukingo wa magharibi

Vuka kwa boti ya umma iliyo karibu na stesheni ya treni. Makaburi ya Watukufu yako juu ya ngazi ndefu. Kaburi la Harkhuf ni dogo, lakini kwenye ukuta wa mbele kuna nakala ya barua ya mfalme mtoto Pepi II, wa miaka zaidi ya 4,200 iliyopita, akimwomba msafiri huyo amlinde vizuri mbilikimo mchezaji aliyemleta kutoka kusini, asije akaanguka majini. Kaburi la Sarenput II lina rangi ambazo bado zinang'aa. Mlinzi hufungua kwa ufunguo na hutarajia bakshishi ndogo.

Kutoka hapo hadi monasteri ya Mtakatifu Simeoni ni mwendo wa dakika 40 hivi mchangani. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu. Wenye ngamia watakufuata, na bei yao ya kwanza huwa ya juu mno. Ikikubalika, kubalianeni kama ni kwenda tu au na kurudi.

Kuba lililo juu ya kilima ni kaburi la Aga Khan III, Sultan Muhammad Shah, kiongozi wa Waismaili, aliyefariki mwaka 1957. Ni yule yule aliyepimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Haliruhusiwi kuingiwa, tosheka kulitazama kutoka majini.

Chakula

Asubuhi ni ful na ta'amiya. Ful ni maharage mapana yaliyoiva usiku kucha kwenye chungu chenye shingo nyembamba, yakapondwa na kuwekwa bizari nyembamba, ndimu na mafuta. Ta'amiya ya Misri hutengenezwa kwa maharage hayo hayo badala ya dengu, na ndani ni kijani kwa majani mabichi yanayosagwa nayo. Kula kwenye mkokoteni wenye foleni ya wenyeji kabla ya saa 3 asubuhi. Baadaye ful hubaki ya chini ya chungu, nzito na chumvi nyingi, na mafuta ya ta'amiya huwa yamechoka.

Mchana tafuta tajin: nyama au bamia katika chungu cha udongo, tanurini, mchuzi wa nyanya ukiwa mzito. Huchukua dakika 30 hadi 40, na ikija baada ya dakika tano ujue imepashwa moto. Mulukhiya ni majani ya jamii ya mlenda, yaliyokatwa laini sana, yakapikwa kwenye supu na kutiwa kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa. Mlaji wa mrenda wa Magharibi mwa Kenya atajisikia nyumbani. Wanubi hukausha bamia, kuisaga unga na kuupikia mchuzi mzito uitwao weka. Mikate iulize kwa jina: shamsi, mnene, unaoumuliwa juani, na kabid wa Kinubi, mwembamba, unaopikwa juu ya bamba la moto.

Samaki wa ziwa Nasser ni sangara na sato. Sangara ni mwenyeji wa Naili. Ziwa Victoria aliletwa tu na watu katika karne ya 20. Chagua samaki mwenyewe, aangaliwe macho na matamvua, apimwe mbele yako, na uliza kama bei ni ya kilo kabla hajaenda jikoni.

Chakula cha nyumbani kwa Wanubi ndicho bora kuliko mgahawa wowote wa Corniche. Mwambie mwenye nyumba asubuhi, si jioni, kwa sababu kuku au samaki hununuliwa siku hiyo. Baada yake huja jabana: kahawa huchomwa papo hapo, hutwangwa na tangawizi, huchemshwa, kisha humiminwa kwenye chungu cha mviringo chenye shingo, mdomoni kukiwa na nyuzi za mtende za kuchujia, na kuachwa juu ya makaa. Vikombe ni vidogo kama vya kahawa ya Mombasa. Kumharakisha mwenyeji katika hatua hii ni utovu wa adabu.

Sokoni

Soko kuu, Sharia el-Souk, linaanzia karibu na stesheni na kwenda kusini sambamba na mto. Nenda baada ya magharibi. Nusu ya kaskazini ina wenyeji wanaonunua mboga na vyombo, kwa hiyo sikiliza bei huko kwanza.

Kitu cha kubeba ni karkade, rozela ya Aswan. Nunua maua mazima, mekundu ya kukaribia weusi, yanayopinda kidogo bila kuvunjika. Vipande na vumbi ni mabaki ya gunia. Konzi moja, gramu 30 hivi, huloweka lita moja ya maji baridi usiku kucha. Kwa kinywaji cha moto chemsha dakika tano tu, ikizidi inakuwa kali. Utaona pia makoma, waitayo dom, na ubuyu, waitao tabaldi, ila bei yake si ya kwetu.

Usinunue zafarani. Inayouzwa kwa magunia ni petali za usfur, ua jingine kabisa, zenye rangi bila harufu. Zafarani halisi ni nyuzi nyembamba zenye ncha pana, na haiuzwi kwa kijiko cha wali.

Abu Simbel, ikibidi

Iko kilomita 280 hivi kusini. Magari huondoka kama saa 10 alfajiri, mwendo ni saa tatu hadi tatu na nusu, na kwa kawaida unapewa saa mbili pale. Mahekalu ya farao Ramses II yalikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu kati ya 1964 na 1968 ili yasizame. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi hufika hadi chumba cha ndani. Siku hizo umati ni mkubwa mno, epuka kama hujaweka nafasi mapema. Iweke safari hii siku ya tatu, usipange lolote alasiri yake, na beba kifungua kinywa kutoka hotelini, kwa sababu kituo cha njiani huuza biskuti na chai tu kwa bei ya jangwani. Pasipoti iwe mkononi, vituo vya ukaguzi ni vingi.